Meno Manne ya Mama

Juzi sokoni mwanamke mmoja alifungua kichupa cha mafuta ya karafuu ili mteja wake anuse. Nilikuwa napita na beseni la karanga kichwani. Harufu ilinifikia kabla sijaona inakotoka, nikasimama katikati ya njia, watu wakanipita kushoto na kulia wakinung'unika. Kwa muda nisioweza kuupima sikuwa tena mwanamke mwenye karanga za kuuza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimekaa kwenye kiti cha chuma, na juu ya mapaja yangu kulikuwa na uzito wa mtoto mwenye homa.

Wenzangu wa rika langu, mliolelewa na ndugu au mliolea ndugu, mtanielewa. Kumbukumbu hii kila inaponijia huja na mwanga wa kiangazi wa Kamina, mji wetu, ule uliochanganyika na vumbi jekundu na moshi wa mashamba yanayochomwa. Katika mwanga huo kila kitu huonekana kimesogea kidogo kutoka mahali pake: nyumba, reli, hata kishindo cha mabehewa yanapounganishwa. Mambo niliyoyafanya wakati ule nayaona hivyo hivyo, kwa mbali kidogo, kama yamefanywa na msichana ninayemfahamu vizuri.

Miaka mitatu kabla ya kiti kile, mama alikuwa akimnyonyesha Numbi kwenye mkeka, nyuma ya nyumba. Numbi ni mdogo wetu wa mwisho. Baba alifariki Numbi akiwa bado tumboni. Kati yangu na yeye kuna Banze, ambaye wakati ule alikuwa na miaka saba na mdomo usiopumzika. Mimi nilikuwa na kumi. Numbi alikuwa ameshaota meno mawili ya chini, na mawili ya juu ndiyo kwanza yalikuwa yakichungulia. Ghafla mama akaruka, ameshika ziwa lake.

"Ona huyu," alisema. "Meno ya maziba inaanza kuuma mwenye maziba."

Sisi tunasema maziba. Wengine husema maziwa. Nilimuuliza kwa nini meno yale yanaitwa hivyo.

"Sababu inatoka na maziba yangu, njo maana," alisema, akacheka, akambadilisha mtoto upande. "Ao unazania nilienda kuinunua ku soko?"

Alikuwa anatania, na mimi nililichukua neno lile zima zima, nikaliweka.

Miezi miwili baadaye aliugua, na ugonjwa haukukaa naye sana. Siku tuliyorudi kutoka makaburini wanawake walijaa uani, na Numbi alikuwa analia, anapitishwa mkono hadi mkono kama kitu ambacho kila mtu anaogopa kukiangusha. Walipomleta kwangu nilimtia kidole mdomoni anyonye. Nikahisi meno. Mawili chini, mawili juu. Nikayahesabu mara ya pili kwa ncha ya kidole, taratibu, na kelele zote za ua zikawa mbali.

Vitambaa vya mama vilikuwa vimeshagawanywa kwa dada zake. Sufuria zilibaki, lakini sufuria si mtu. Meno yale manne yalikuwa yametengenezwa na mwili wake mwenyewe, na yalikuwa hapa, magumu, yananibana kidole. Nilifikiri hivyo, na nilipomaliza kufikiri nilijua kazi yangu ni ipi.

Tulibaki na Nkambo, bibi yetu, mama yake mama, aliyekuwa na meno matatu kwa jumla na nguvu nyingi. Alikwenda shambani alfajiri na kurudi jua likizama. Mtu wa kukaa na mtoto alikuwa mimi, kwa hiyo niliacha shule katika mwaka wa tano. Sikulia. Nilimbeba Numbi mgongoni, nikawa nawapita wenzangu wakienda na madaftari, na moyoni nilijiona nimebeba kitu ambacho wao hawana.

Meno mengine ya Numbi yalipoanza kutoka nyuma ya yale manne, sikuyahesabu pamoja. Hayo yalitokana na maziwa ya unga, yale ya kopo. Niliyaita meno ya kopo. Mimi na Banze tulikuwa tunasugua meno kwa kidole, chumvi na unga wa makala, yaani makaa, kama nyumba nyingi za mtaani kwetu. Nilikuwa nimeona jinsi sabuni inavyopungua kwa kusuguliwa, na kisigino cha kiatu kwa kutembea. Nikaamua kwamba meno ya mama hayasuguliwi. Asubuhi nilimsugua Numbi meno ya kopo, kwa bidii, na kila nilipofika mbele kidole kiliruka. Ndivyo nilivyomtunza mama yangu asiishe.

Tena niliyamwagilia, kama mtu anavyomwagilia mboga. Yametoka na maziwa, basi yanahitaji maziwa. Numbi alilala na chupa yake, biberoni, mdomoni. Maziwa yalipokosekana nilimchanganyia maji na sukari na unga kidogo, ili yawe meupe. Alikuwa akinyonya hata katika usingizi, polepole, na mimi nililala nikisikiliza ile sauti ndogo ya kumeza, nikaamini nyumba yetu iko salama.

Kwanza ulitokea mstari mweupe, mweupe kuliko jino lenyewe, karibu na nyama ya meno. Nikafurahi. Kisha mstari ukawa wa njano, kisha wa kahawia. Alipofika miaka mitatu meno mawili ya juu yalikuwa meusi pembeni.

"Numbi," Banze alimwambia siku moja, "ulikula makala? Nkambo anatafuta ya kupikia."

Nilimpiga kofi la mgongo.

"Iko nyeusi, yaya," alisema, kwani kwetu yaya ni dada mkubwa, anajikuna mgongo. "Minyi nasema tu yenye naona."

Lakini mimi nilikuwa na maelezo yangu. Dada zake mama walikuwa wamevaa nyeusi muda mrefu baada ya mazishi. Nilifikiri na meno yake yamevaa nyeusi. Lilionekana jambo la haki: nani mwingine angemlilia zaidi kuliko meno aliyoyatengeneza mwenyewe? Hata dada zake walipovua nyeusi zao, niliendelea kungoja. Kila asubuhi nilimfungua Numbi mdomo kwenye mwanga wa mlango, kuona kama matanga yamekwisha.

Kiangazi kilichofuata aliamka na mdomo wa juu umevimba. Kesho yake uvimbe ulikuwa umepanda hadi pembeni mwa pua, na siku ya tatu ulikuwa chini ya jicho, shavu linang'aa kama limepakwa mafuta. Hakutaka kula. Jirani yetu, Mama Régine, alikuja kurudisha kinu. Alikuwa mke wa askari wa kambi, mtu wa mkoa wa Équateur, mbali sana na kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Lingala.

"Mwana oyo iko na nini?"

"Alianguka."

"Alianguka leo, ao anaanguka kila siku kidogo kidogo?" Alimgusa shavu kwa mgongo wa kidole. "Moto. Hii ni jino."

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezunguka nyua zote. Mmoja alisema tuweke tumbako kwenye tundu. Mwingine alisema shemeji yake aliponywa na maji ya betri.

"Shemeji yako ni camion, ni lori?" Mama Régine alimuuliza. "Hakuna muntu ataweka kitu mu mudomo ya huyu. Kesho tunaenda ku hopitali, kwa mama wa meno."

Nilimjua mama wa meno kwa sifa. Kila mtu wa mtaa wetu aliyekwenda kwake alirudi ameshika shavu, amepungukiwa na jino. Sikulala vizuri. Asubuhi, Nkambo alipokwisha kuondoka, na kabla Mama Régine hajafunga mlango wake, nilimfunga Numbi mgongoni nikaenda upande wa reli, kule yanakolazwa mabehewa yasiyotumika. Tukakaa chini, kwenye kivuli cha gurudumu. Mpango wangu ulikuwa mdogo: tungoje uvimbe ushuke, kisha turudi, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kung'oa chochote.

Naikumbuka asubuhi ile kama mtu anavyokumbuka kitu kilichotokea chini ya maji. Nyasi kavu zilikuwa zinakwaruza chuma. Vumbi lilielea bila kuanguka. Pumzi ya Numbi ilikuwa inanichoma shingoni, kisha kifuani nilipomhamishia mbele, na niliimba kitu ambacho mama alikuwa akikiimba, ila nilikuwa nimesahau maneno, nikabaki na mlio tu. Nilimwambia atasikia nafuu. Nilimwambia uvimbe unashuka. Alijishika uso, kisha akasema bila kulia, kama anayetoa taarifa:

"Yaya, jicho imefunga mulango."

Nikamtazama. Kweli, jicho la kulia lilikuwa limefungwa kabisa, kope zimezama ndani ya uvimbe. La kushoto lilikuwa linanitazama, linangoja nifanye kitu. Nilikuwa nimebaki na meno manne ya mama na jicho moja la mdogo wangu, na kwa mara ya kwanza niliviweka pamoja. Nikasimama. Nilikimbia hadi kwa Mama Régine nikiwa nimempakata, na yeye alikuwa barabarani tayari, anatutafuta, viatu mkononi.

Chumba cha meno kilikuwa kidogo, na ile harufu ya karafuu ilikuwa imeingia hadi kwenye rangi ya ukuta. Muuguzi aliitwa Mama Odile, mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa.

"Mama ya mutoto ni nani?"

"Ni minyi," nilisema. Nilikuwa nimeshazoea kujibu hivyo.

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Ni yaya yake," Mama Régine alisema. "Mama yabo alikufaka."

Mama Odile aliniketisha kwenye kiti cha chuma, Numbi mapajani mwangu, akainua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba, polepole sana. Juu ya jino moja nyama ilikuwa imetunga usaha kama punje ya mchele.

"Hii itatoka leo," alisema.

"Hapana, mama."

"Hapana ya nini?"

"Toa ingine. Toa ya nyuma." Nilimwonyesha kwa kidole. "Za nyuma ni za kopo. Unaweza kutoa hata mbili."

Aliweka kioo chake mezani. "Za kopo ni za namna gani?"

Basi nikamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti, na yalipotoka yalionekana machache: maziba ya mama, meno manne, kutosugua, sukari, nyeusi ya matanga. Mama Régine aligeukia dirisha. Mama Odile alinisikiliza mpaka mwisho, na wala hakucheka, jambo ambalo ningali namshukuru. Kisha alichukua kidole changu mwenyewe, akakiweka juu ya mdomo wangu, chini kidogo ya pua.

"Gusa hapa. Unasikia mufupa? Kwa Numbi, huku ndani, juu ya ile jino ya maziba, kuko ingine imejificha. Ni ya bukubwa. Njo atakula nayo mpaka azeeke. Unajua ilianza wapi?"

"Hapana."

"Mu tumbo ya mama yenu. Numbi angali ndani, hajazaliwa, ile jino ilisha kuanza. Mama aliiacha pale, inangojea siku yake." Aliniachia kidole. "Sasa hii ya kuoza inamwanga usaha kwa ile ingine. Unalinda moja, unaua moja. Na jicho umeiona. Hii uchafu ikipanda tena, utakosa mutoto, si jino."

Nilimwangalia Numbi. Alikuwa amelegea, mate yanamtoka pembeni mwa mdomo.

"Utamushika kichwa ni weye," Mama Odile alisema. "Muntu ingine atamuogopesha."

Nilimshika. Aliingiza sindano ya ganzi, Numbi akajikunja, mimi nikambana kichwa kifuani na kumwambia ahesabu, ingawa hakujua kupita nne. Moja, mbili, tatu, nne, akarudi mwanzo, akarudi mwanzo. Tukangoja nyama ife ganzi. Kisha ikasikika sauti ndogo kama ya kijiti kinachovunjika ndani ya kitambaa, na usaha ukatoka, na Numbi akavuta pumzi ndefu.

Jino lilikuwa dogo kuliko punje ya muhindi. Mama Odile aliliosha, akaniuliza kama nalitaka. Nililiangalia kwenye kiganja chake. Lilikuwa limetoboka upande hadi upande. Nikasema hapana.

Alipokuwa anamfanya Numbi aume pamba, alizungumza nami kama mtu mzima. Dawa ya maji ile nimpe mpaka chupa iishe, hata uvimbe ukiondoka mapema. Leo asipewe kitu cha moto. Biberoni ikome; akilala apewe maji matupu, na baada ya kusugua, hakuna kingine. Alinipa mswaki mdogo, laini, wa kijani.

"Na zote, unasikia? Za mama, za kopo, zote. Asubuhi na mangaribi. Brosi haimalizi jino. Sukari njo inaimaliza." Alifikiri kidogo. "Na kila juma umuinue mudomo ya juu, uangalie. Ukiona mustari mweupe karibu na nyama, kuya naye hapa pale pale. Usingoje nyeusi."

Nikamwambia mstari ule niliuona. Nikamwambia niliufurahia.

"Sasa unaujua," alisema.

Siku ya pili jicho lilifunguka, jekundu, limekasirika, zima. Biberoni ilililiwa kwa siku kadhaa, Nkambo akiniambia nimpe tu mtoto chupa yake, kila mtu apate usingizi. Sikumpa. Nilimpa maji, naye aliyatema. Mwishowe akayazoea, kama nasi tulivyozoea mengine.

Pengo lilikaa. Meno mengine ya mama yalianguka yenyewe wakati wake ulipofika, moja baada ya jingine, nami niliyaacha yaende. Palipokuwa na lile lililong'olewa nyama ilibaki tupu, nyororo, muda mrefu kuliko kwa watoto wengine wa umri wake. Kila juma niliinua mdomo. Nilianza kuogopa kwamba Mama Odile alinipa hadithi ya kunituliza, au kwamba jino lilikuwepo kweli na mimi nimeliua. Hofu ya pili ndiyo niliyotembea nayo. Kuna miezi nilikuwa nauza karanga stesheni, treni zinakuja na zinaondoka kwenda Luena na Bukama, na mimi sisikii kitu, nafikiria shimo ndani ya mfupa.

Jino lilitoka na mvua za kwanza. Kubwa, lenye ukingo wa misumeno midogo kama meno mapya yote. Na katikati yake lilikuwa na doa la kahawia, kama tone la chai kwenye kitambaa cheupe.

"Usaha ilipita pale," Mama Odile aliniambia nilipompeleka. "Lakini jino ni ya nguvu. Atakula nayo."

Nilisugua doa lile miezi mingi kwa mswaki, mpaka Numbi akaniambia, "Yaya, unaniumiza," nikaacha. Alipoanza kuuliza kwa nini jino lake liko hivyo, nilimwambia alizaliwa nalo. Nikarudia, mwaka hadi mwaka, hata alipokuwa msichana anayecheka ameziba mdomo kwa mkono. Nimesema ukweli katika mambo magumu zaidi ya hilo. Hilo tu lilinishinda.

Leo Numbi ni mwalimu wa shule ya msingi Luena. Jioni ya siku ile ya sokoni, harufu ya karafuu ingali puani mwangu, nilimpigia simu. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea.

"Numbi, ile alama ya mu jino yako."

"Iko na nini, yaya?"

"Haukuzaliwa nayo. Ni minyi. Nilikuwa nakulalisha na sukari, na nilikataza brosi."

Nilisikia sahani zikigongana upande wake.

"Banze aliniambia," alisema. "Zamani. Nilikuwa mwaka wa tatu."

"Na haukusema kitu."

"Weye nawe haukusema." Akacheka, na sauti haikuwa imezibwa na mkono. "Kila mwaka, siku ya kwanza, hakukosi mutoto wa kuniuliza: 'Madame, jino yako ilikula nini?' Basi nabaambia yote. Maziba, chupa, jicho yenye ilifunga mulango. Banapenda pale pa jicho. Kiisha nabapanga mustari, bafungue vinywa, nainua mudomo ya juu, moja moja. Mwaka huu nilikuta babili beko na ule mustari mweupe. Nilibapeleka wakati ungaliko mweupe."

Nilihamishia simu sikio lingine.

"Na minyi unaniita nani?" nilimuuliza. "Mbele ya batoto."

"Nakuita yaya. Nabo banakuita vile. 'Yaya alifanya nini tena, Madame?' Banakupenda."

Tulipoagana nilikaa mlangoni, giza likiingia taratibu upande wa reli. Mimi niliyetoka shuleni mwaka wa tano niliona darasa lile kama nimeingia ndani yake: ubao, madirisha yasiyo na vioo, watoto wamejipanga kutoka mbele hadi ukutani, vichwa vimeinuliwa. Numbi alikuwa anakuja polepole, anainamia kila mmoja. Na mwisho wa mstari nilikuwa nimesimama mimi, na miaka yangu kumi, kinywa wazi, nangoja anifikie.